Spana Namba Kumi na Tatu

Mke wangu alitoka kwenye hema la watunza muda akiwa na karatasi mkononi, anatembea polepole kama aliyebeba sufuria ya maji ya moto.

Mimi ni kinyozi. Injini ya gari letu la mashindano ya kasi ni yake. Aliiunda jikoni kwetu kwa miaka minne, na siku niliyothubutu kuigusa alinichapa mkono.

"Baba watoto, kazi yako kukanyaga mafuta na kunyoosha usukani. Humu ndani ni kwangu."

Leo nilikanyaga, tena mpaka mwisho, kwenye uwanja wa chumvi mweupe unaotoa machozi. Mita ya kasi alikuwa ameiziba kwa karatasi ya gundi, nisije nikaingiwa na kiwewe.

Sheria ya hapa ni moja: anayevunja rekodi hufungua injini mbele ya wakaguzi, waipime ndani. Wengine wote hurudi nayo nyumbani kama ilivyokuja.

"Imekuwaje?"

Alifuta vidole kwenye ovaroli, kimoja baada ya kingine, mpaka grisi ikabaki kwenye kucha tu.

"Mama watoto, sema basi! Roho iko juu."

Akanishika mkono, akanikunjua kiganja, akaniwekea spana namba kumi na tatu. Ilikuwa bado na joto la mfuko wake.

"Anza na boliti za juu," alisema. "Na taratibu, bwana, usije ukaniharibia. Wakaguzi wako njiani."