Mganga Aliyekwenda Kujitafuta

Mganga Kasimiri aliingia kwenye intaneti kafe akiwa na mbuzi, na mbuzi ndiye aliyetangulia.

"Shikamoo mzee," alisema Yohanes, mwenye kafe. "Huyo naye anataka kufungua baruapepe?"

"Marahaba. Huyo ndiye malipo, sina kingine. Nirudishe juu, kijana wangu."

Alikuwa mbuzi wa kahawia, kichwa cheupe mpaka mabegani kama aliyevaa shela ya mtawa, ndiyo maana mke wa Kasimiri alimwita Sista. Sumbawanga nzima hakuwa na mwenzake. Yohanes alimtazama, akakumbuka Noeli inakaribia, akachomoa waya wa bluu kwenye kompyuta mbovu na kumfunga nao shingoni, ncha ya pili kwenye mguu wa meza.

Ilikuwa miaka ile ambayo soko huria lilishamaliza viwanda na kufika kwenye tunguri. Kasimiri alikuwa na leseni ya biashara, muhuri, na tovuti. Na tovuti ile ilikuwa na nguvu, asikwambie mtu. Ukitafuta "mganga Sumbawanga", wa kwanza yeye. Ukitafuta "mganga" peke yake, wa kwanza yeye. Wapo wavuvi wa Kirando waliotafuta bei ya dagaa wakajikuta wanasoma habari za Kasimiri.

Ndipo Yohanes alipomshauri abadilishe mkia wa anwani: atoe .com, aweke .co.tz. "Uzalendo, mzee. Mganga wa Kifipa na mkia wa kigeni, wapi na wapi?" Kasimiri akakubali, akaiacha anwani ya zamani ikaisha muda wake. Masalu, mganga mwenzake na adui yake, akainunua. Sasa ukimtafuta Kasimiri unampata Masalu anacheka, meno yote nje. Kasimiri mwenyewe yuko ukurasa wa saba, chini ya muuza matairi.

"Ni huo mkia ulioniponza?" aliuliza.

"Mkia wenyewe hauna kosa, mzee. Kosa ni kuhama bila kuacha maelekezo. Wageni wanaendelea kubisha kule kwa zamani, na kule sasa anakaa Masalu." Yohanes alijikuna kichwa. "Ila usijali. Kuna mbinu za kitaalamu."

"Zipi?"

"Za kitaalamu."

Kasimiri aliinamisha kichwa kwa heshima. Hata yeye wateja wake aliwajibu hivyohivyo.

Nyumbani Malangali, mkewe Fransiska hakupiga kelele aliposikia Sista amekwenda wapi. Hilo ndilo lililomtisha Kasimiri.

"Baba Agnesi, palizi ya ulezi inakaribia kuanza. Ikianza hujarudi juu huko unakokusema, tutakwenda shambani Pito wote wawili, jembe lako na jembe langu."

"Mama Agnesi, unajua mizimu imenikataza jembe."

"Imekukataza tangu tulipooana. Naijua mizimu yako."

Kasimiri akaapa: atarudi juu, na mbuzi mwingine kama Sista atamleta. Kuanzia hapo akawa anashinda kafe, anajitafuta. Kila siku Yohanes alimwambia bado kidogo. Kila siku muuza matairi alikuwa palepale juu yake.

"Walikuja watu wa Laela," Fransiska alimwambia jioni moja. "Wamekaa mpaka wakachoka. Nimewaambia umekwenda kujitafuta kwenye kompyuta."

"Wangeniona kwenye kompyuta!"

"Walikuwa hapa mlangoni, baba Agnesi."

Jumapili kafe ilifungwa, na ndiyo siku pekee Mama Kabula alipomkuta. Alikuwa mama wa Kisukuma, mtu mzima, ametumwa. Wenye heshima zao mjini hawaendi kwa mganga wenyewe. Humtuma mtu wa kuwasemea, na jina halitajwi.

"Mmenipata kwenye kompyuta, eti?" Kasimiri aliuliza, macho yakimng'aa.

"Kompyuta gani tena, mzee wangu? Nimeuliza stendi. Kila mtu ananyoosha kidole huku."

Jikoni Fransiska alikohoa.

"Aliyenituma," mama aliendelea, "ni msomi, anaona haya. Kuna kazi aliyoahidi, imemshinda. Amejaribu elimu yake yote, imegoma."

Kasimiri alifumba macho, akatikisa tunguri. Aliwaza jembe. Aliwaza kiapo chake. Mizimu ikamjibu upesi kuliko siku zote.

"Mizimu inataka mbuzi," alisema. "Wa kahawia, kichwa cheupe mpaka mabegani. Mwingine haimtaki."

"Yuu! Nitampata wapi wa namna hiyo?"

"Mkimkosa, dawa hakuna."

Mama Kabula aliondoka anaguna. Kasimiri akamfuata mkewe jikoni, kifua mbele. "Umeona? Mteja msomi. Na Sista wako wa pili yuko njiani."

"Na kule juu?"

"Taratibu, mama Agnesi. Mtaalamu wangu analishughulikia."

Kesho yake hakwenda kafe. Alikaa barazani na tunguri yake, akisubiri. Jua lilikuwa limepanda vizuri Mama Kabula alipoingia uani, na mbuzi ndiye aliyetangulia. Wa kahawia. Kichwa cheupe mpaka mabegani. Hakusubiri kukaribishwa, alipita mbele ya Kasimiri moja kwa moja mpaka kwenye ndoo ya maji iliyokuwa nyuma ya jiko, akimvuta Mama Kabula kwa waya wa bluu.

"Hatukuhangaika hata kidogo," mama alisema, akihema. "Alikuwa naye mwenyewe, palepale kazini kwake. Sasa anauliza, mzee, dawa itashika lini? Maana kuna mteja wake mmoja hampi nafasi ya kupumua, kila siku anamkalia mlangoni."

Kasimiri aliutazama ule waya wa kompyuta.

Fransiska alitoka jikoni, akaufungua waya shingoni mwa Sista, akamrudishia mama. Kisha akaingia ndani na kutoka na majembe mawili.

"Kamwambie dawa imeshashika," alisema, akimkabidhi mumewe moja. "Huyo mteja hatamsumbua tena."