Chombo Kilichokatwa Ubavu

Mitambo hujenga chombo cha angani vilevile kama kilivyochorwa, na hasafiri mtu ambaye hakuchorwa ndani. Nasra alikuwa bingwa wa michoro hiyo. Aliukata ubavu wa chombo kwa kalamu, kila chumba kikaonekana, hadi masufuria ya jikoni. Chombo cha familia yake kilipokwisha kuanza kujengwa, aliutandaza mchoro mezani kwa majivuno.

Mama mkwe wake, Bi Mwanakheri, akavaa miwani. Alimwona mwanawe akinywa chai, wajukuu wamelala, hata paka.

“Mbona mimi sijioni?”

“Uko jikoni, mama,” Nasra akajibu bila kupepesa macho. “Nyuma ya ukuta.”

Bi Mwanakheri akapitisha kidole jikoni, taratibu.

“Ukuta si umeukata, mwanangu?”