Bakuli Lililofunikwa

Tangu mwanawe Anselmo apotee, Domitila alimfunikia chakula bakulini kila jioni na kukimwaga kila alfajiri. Majirani walishamwambia inatosha. Asubuhi ile alikwenda kazini bila hata kuligusa bakuli.

Kazi yake ilikuwa kuchimbua mji wa kale uliozikwa na majivu ya mlima wa moto. Siku hiyo alifikia jiko la mtu. Kando ya mafiga palikuwa na bakuli la udongo, limefunikwa kwa jingine, na Domitila hakuhitaji kuelezwa: humu nyumbani kuna mtu aliyesubiriwa.

"Lifunue taratibu, Bi Domitila," alisema Fermín, msimamizi wao.

Uji wa mahindi ulikuwa umekauka ukawa jiwe, nao ulikuwa na michirizi ya vidole vya mtu aliyekomba.

"Kumbe alirudi," Domitila alinong'ona.

"Akala, kisha akafunika tena," alisema Fermín. "Sasa alikuwa anamfunikia nani?"

Jioni Domitila alisimama jikoni kwake mbele ya bakuli la jana. Sahani ya kufunikia ilikuwa imekaa upande, naye hakukumbuka kuiacha hivyo.