Pepo Anayekunywa Ajono

Jirani yetu Amuron anadai kuna pepo anakunywa ajono yake, pombe ya ulezi anayouzia watu wainyonye kwa mirija kutoka chungu kimoja. Anasema jana wateja waliachilia mirija yote, wakabishana kama ni simu ama ndege iliyobadilisha dunia, na bado pombe kwa chungu ikaendelea kushuka.

Leo wateja waliendelea na ubishi wao, mimi nikakaa hapo nikiangalia chungu tu. Kati ya mirija kulikuwa na mpira wa dripu, umepita chini ya mabati hadi nje.

Nikaufuata. Huko nyuma nikampata baba, ambaye daktari alimwambia pombe tena ni kaburi. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani kwa kuvuta ule mpira.

Alifunga kile kigurudumu cha kubana mpira wa dripu polepole, tone lisimwagike. Ndani, Amuron alikuwa ameanza kukemea shetani.

"Wacha wabishane na ndege yao, mama," baba akaninong'oneza. "Rudi unisogezee chungu kidogo. Huu mpira haufiki chini."