Saa Tatu ya Kule

"Kesho saa tatu asubuhi napanda ndege," mume wa mshonaji alikuwa amemwambia kwenye simu kutoka ng'ambo. Safari yenyewe huchukua saa tisa. Mshonaji, bega likiwa bado linamuuma kwa kipigo cha mwisho cha mumewe, akapiga hesabu: hatatua kabla ya jioni, na yeye na bintiye watakuwa wameshafika kwa dada yake.

Kesho yake saa nane mchana alikuwa akipambana na zipu ya begi, imeng'ata gauni la mtoto.

"Mama, huko aliko Baba si kunakucha mapema? Baba alisema tukiamka sisi, wao wanakula cha mchana."

Akaiachia zipu. Saa tatu ya kule, hapa ulikuwa bado usiku; ndege ilikuwa imeshatua.

"Vaa viatu, mwanangu. Bila kelele."

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Akalisukuma begi uvunguni kwa mguu.

"Mbona kimya hivi?" mumewe akauliza kutoka sebuleni.

Pindo la gauni lilikuwa limebaki nje.