Nyuzi Thelathini

Sebule ilikuwa na joto kama tanuri la mwokaji, na bado Tani Mbili alikuwa amevaa sweta iliyomfunika mpaka kidevuni.

"Ongeza nyuzi joto moja," fundi wa samaki alimwambia. "Moja tu, mzee. Ukizipandisha zote kwa mkupuo utawapika."

Jitu lile lilipewa jina la Tani Mbili na majirani. Vidole vyake, vinene kama ndizi, vilizungusha kitufe cha hita. Ndani ya tangi la kioo samaki kumi na wawili walijisugua kwenye mawe kwa hasira ya muwasho, miili imejaa vidoa vyeupe kama walionyunyiziwa chumvi.

Fundi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mkoba wa vifaa begani. Aliyatibu matangi ya watu nyumba kwa nyumba, na maelezo yake yalikuwa yale yale. Kimelea kikiwa chini ya ngozi ya samaki, hakuna dawa inayokigusa. Joto hukiharakisha kitoke, na kikishatoka, maji ya nyuzi thelathini hukinyima kuzaa. Siku kumi, na pampu ya hewa isizimwe, kwa sababu maji ya moto hayashiki hewa.

"Njoo kila siku," Tani Mbili alisema.

"Si lazima. Kipimajoto unakisoma mwenyewe."

"Njoo tu." Alisema kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa jikoni.

Mlangoni pale alikuwa amesimama mkewe, kijimtu cha kupeperushwa na upepo, glasi ya maji mkononi. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kwenye vifundo vya vidole.

"Pole, dada. Umefanyaje?"

"Mambo ya jikoni tu," alijibu kwa upole.

Tani Mbili akainuka haraka, akajaza nafasi yote iliyokuwa kati yao. "Mambo ya samaki zungumza na mimi. Mke wangu mwache."

Fundi alifunga mkoba wake, akaaga.

Chini ya ngazi alimkuta mama jirani akianua nguo. "Umetoka kwa jibaba lile?" mama alinong'ona. "Litamuua yule binti. Vishindo kila siku. Juzi kabati zima limeanguka, nikasema leo ndiyo leo."

Fundi hakuhitaji kuambiwa. Miaka minne nyuma alikaa na dada yake wa tumbo moja, akaona jicho lililovimba, akauliza, akaambiwa ni mlango. Akamaliza chai yake, akaaga, akaenda zake. Wiki iliyofuata alimzika. Tangu hapo kila alipolala alimsikia dada yake akisema neno lile, mlango.

Basi akawa anakuja kila siku. Siku ya tatu maji yalifika nyuzi ishirini na tisa. Siku ya nne, thelathini. Vidoa vilianza kupukutika. Tani Mbili alikaa kwenye kiti karibu na tangi kama mgonjwa anayengoja zamu, akichechemea kila alipokwenda kuangalia pampu. Alisema ameteleza bafuni. Fundi aliwaza: heri ungevunjika shingo.

Siku ya sita mkewe alimsindikiza fundi hadi mlangoni. Akamshika kiwiko, akamsogelea sikioni.

"Akikuambia uje kesho, usije."

"Kwa nini? Atakufanya nini?"

Mwanamke yule alitabasamu kidogo tu, akafunga mlango.

Usiku kucha fundi hakupata lepe la usingizi. Siku ya saba, saa nane mchana, alipanda ngazi zile mbili mbili.

Alikuwa hajafika juu aliposikia kishindo, kisha mlio wa kioo kikubwa kinachopasuka, kisha mkoromo wa mtu aliyekabwa roho. Maji ya uvuguvugu yalichuruzika chini ya mlango na kumlowesha viatu. Akausukuma kwa bega.

Tangi lilikuwa vipande. Samaki walirukaruka kwenye zulia, wakifungua na kufumba vinywa. Katikati ya vioo, mke wa Tani Mbili alikuwa chali, uso na kifua vimetapakaa damu, na lile jitu limepiga magoti juu yake, limembana mikono yote miwili sakafuni.

"Inatosha!" Tani Mbili alikuwa akiunguruma. "Inatosha! Inatosha!"

Fundi hakumwona tena mke wa mtu. Alimwona dada yake. Mkono uliingia mkobani wenyewe ukatoka na spana ya chuma.

Pigo la kwanza lilitua begani. Tani Mbili akageuka, macho yamemtoka.

"Dada, subiri, hujui..."

La pili lilimpata kwenye paji la uso. La tatu lilitoa sauti ya kitu kinachopasuka, na jitu likaanguka kifudifudi juu ya samaki, likabaki likikwaruza zulia kwa kucha.

Spana ikamponyoka fundi. Alikuwa akihema kama aliyefukuzwa na mbwa. "Kimbia!" alimpigia kelele mke wa Tani Mbili. "Kimbia, mwenzangu, nakuja nyuma yako!"

Mwanamke yule aliinuka bila haraka. Akajifuta uso kwa bandeji, damu ikaondoka yote, na chini yake hapakuwa na jeraha hata moja; damu yote ilikuwa ya mumewe. Akaenda mlangoni. Akazungusha ufunguo mara mbili, akautumbukiza kifuani, akarudi, akainama kuiokota spana.

"Mshike miguu," alisema kwa upole ule ule. "Huwa anarusha mateke."