Maneno Yanayotafutwa na Mtu Mmoja

"Siyo hayo," Awa alisema. "Hayo yanatafutwa na watu wengi mno."

Henrique aliondoa mkono kwenye kompyuta. Ofisi yake karibu na soko la Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ilitengeneza matangazo ya mtandaoni ya nyumba za wageni na magari ya kukodi. Kila mteja aliyekaa kwenye kiti kile alitaka jambo moja: maneno ambayo watu wengi huyaandika wanapotafuta kitu kwenye simu. Mshonaji huyu alitaka maneno ya wachache.

"Mama Rachida, neno likitafutwa na wachache, tangazo lako litaonwa na wachache."

"Mimi nataka lionwe na mmoja."

Huyo mmoja alikuwa Ussumane, mumewe. Miaka minane iliyopita alivuka mto Ruvuma kwenda Mtwara kununua majongoo ya bahari, akabadilisha namba ya simu. Vita vilipoingia mjini, Awa alitembea na watoto watatu hadi kijiji cha Mute na kuendelea mbele, na hakuna salamu iliyowafuata. Waliotoka Mtwara walisema yu hai, tena amenenepa. Lakini kila rafiki yake aliyetumwa kwake alirudi akisema hakumkuta.

Shehe Hamido alimwambia Awa wazi: "Leta jibu lake mwenyewe, kwa jina lake. Bila hilo hatuna la kukufanyia."

Mlangoni alisimama Tarique, mdogo wake Ussumane, aliyemfuata tangu sokoni.

"Mke hamtafuti mume kwa mashine," alisema. "Akitaka kurudi, njia anaijua. Kazi yako ni kukaa nyumbani kwake."

"Nimekaa miaka minane, shemeji. Mkeka wenyewe umechoka."

Henrique alikohoa kuficha kicheko. "Mumeo akishika simu, hupenda kutafuta nini?"

"Nywele."

"Nywele?"

"Upara ulimwanza akiwa na miaka thelathini. Kofia haimtoki, hata akilala. Kila mwezi ana dawa mpya."

Henrique alikiambia chombo cha kupimia maneno kiangalie Mtwara peke yake, akaandika: dawa ya upara. Namba zikatoka. Mamia ya watu kila mwezi, na wafanyabiashara walikuwa wakishindana kupandisha bei ya neno hilo.

"Wenye vipara ni wengi," alisema. "Na wenye dawa ni wengi zaidi. Tangazo lako litazama humo."

"Andika kwa Kireno."

"Huko Mtwara, mama?"

"Ussumane ana elimu ya Kireno. Aibu zake zote huzisema kwa lugha hiyo, ili majirani wasielewe."

Henrique aliandika queda de cabelo, nywele kunyonyoka. Kioo kilitulia kidogo, kisha kikaleta jibu: mara kumi kwa mwezi. Hapakuwa na mtangazaji hata mmoja, na bei ya kila anayebonyeza haikufika ya kitumbua.

"Kumi ndiyo namba ndogo kabisa inayoonyeshwa," alisema. "Huenda ni watu kadhaa."

"Ni mtu mmoja. Anarudia."

Tarique alicheka kwa sauti. "Kumbe shida yako ni kumtibu kipara," akasema, akaenda zake kunywa kahawa.

Awa alingoja hadi mgongo wake ulipopotea kati ya vibanda. Ndipo akatoa karatasi mkobani. Ilikuwa na mistari mitatu ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama bibi yake alivyomfundisha kwenye chuo cha Kurani. Henrique, Mmakonde wa Mueda, Mkristo, hakuweza kusoma hata herufi moja.

"Piga picha, uiweke kwenye ukurasa hivyo hivyo. Chini yake acha nafasi ya jibu na jina. Na kwenye tangazo andika: Ussumane, dawa yako iko Palma."

"Hapa pameandikwa nini?"

"Maneno ya mke kwa mume."

Henrique aliitazama ile mistari iliyonyooka. "Kazi hii sitachukua malipo, mama."

"Utachukua. Nisije nikaambiwa nimesaidiwa. Hili nataka liwe langu."

Siku ya kwanza tangazo halikuonwa na mtu. Siku ya pili lilionwa mara mbili, hakuna aliyebonyeza. Tarique akawa anapita barazani kwa Awa kila asubuhi. "Vipi, mumeo ameshaota nywele?" Awa hakuinua kichwa. Alikanyaga cherehani, akamwambia asimzibie mwanga.

Siku ya nne mtu alibonyeza. Ukurasa ulikaa wazi dakika kumi na moja.

Henrique alifunga ofisi, akaja mbio, simu mkononi. Alimkuta Tarique pale barazani, na hakujali. Jibu lilikuwa kwa Kireno, naye akalitafsiri kwa sauti:

"'Nimesoma. Ulichoomba nimekupa. Ussumane Bacar.'"

Macho ya Henrique yalikuwa yamelowa. "Amekubali, Mama Rachida. Miaka minane, na amekubali."

Awa alisimamisha cherehani. Aliomba asomewe tena, polepole, pamoja na jina. Kisha akasema, "Nichapishie nakala mbili. Moja ya Shehe Hamido."

Tarique alivua kofia, akaivaa tena. Ilikuwa lazima awe na la kusema, na alilipata.

"Haya, umeshinda. Kamfagilie mumeo nyumba yake."

"Fagia wewe, shemeji," Awa alisema, akikata uzi kwa meno. "Nilimwomba talaka, ametoa. Mimi leo naanza kuhesabu eda."